Nyufa za Nyumba ya Mama

Watu wanaoingia studio yangu hapa Suna, mjini Migori, huuliza swali moja: nauza nini? Hawaulizi ninatengeneza nini, wala kwa nini nimejifungia humu tangu asubuhi. Chumba chenyewe kiko nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Kinu kikiwashwa, ukuta unatetemeka na vumbi la unga linatua juu ya kila nilichoanika. Nimezoea. Nina meza mbili, ndoo za udongo zilizofunikwa kwa nailoni, kamba ya kutundikia vitambaa, na simu kuukuu ambayo siku hizi kazi yake ni kurekodi sauti tu. Mama mmoja jirani anayeuza mitumba aliwahi kunishauri kwa upole nifinyange vyungu vya maua, maana vyungu vina wateja. Alinitakia mema na nilimshukuru. Wanaonikera ni wengine.

Wanaonikera ni wale wanaojua vizuri kwamba mimi ni msanii, wakanialika kwa sababu hiyo hiyo, kisha wakaniambia nichore kiboko. Kiboko kwenye ukuta wa hoteli, kiboko kwenye lango la shule, kiboko na samaki wawili kwenye kalenda ya mheshimiwa. Sina ugomvi na kiboko. Lakini kiboko hajaniomba nimsemee, na kuna watu nawajua ambao hawana wa kuwasemea.

Mmoja wao ni mama yangu.

Mama ni Mkuria wa Kegonga. Baba alikuwa Mjaluo wa Rodi Kopany. Walipooana hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumba, na sisi mabinti tukalelewa nacho. Miaka ikapita, mama akajifunza Kijaluo, akakijua hadi wachuuzi wa sokoni Rodi wakasahau alikotoka. Asiyesahau ni baba mkubwa, kaka yake baba. Yeye humsemesha mama kwa Kiswahili tu, hata mama akimjibu kwa Kijaluo. Ni njia yake ya kumwita mgeni bila kulitamka neno lenyewe. Nimeiona tangu utoto na mpaka leo inanichoma.

Baba alipofariki, wazee walikuja kumweleza mama mambo ambayo aliyajua tayari. Kwa desturi ya kwetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na mpaka arithiwe nyumba yake haitengenezwi. Hakuna kupigilia bati msumari, hakuna kukandika ukuta. Anayevunja mwiko huo huleta chira, laana inayomkausha mtu pole pole hadi aishe, tena mara nyingi humwangukia mtoto na si mkosaji. Mama ameokoka. Aliwaambia wazee kwamba mume wake ni mmoja, amelala pale mbele ya nyumba, na hamtaki mwingine. Hakupaza sauti. Wazee nao hawakupaza sauti. Walivaa kofia zao, wakaenda, na kuanzia siku hiyo nyumba ikaachwa ijifie.

Nyumba ya udongo haijui kusubiri. Kila mwaka inataka mkono wa mtu, na ukiinyima inaanza kufunguka. Ukuta wa nyuma, ule unaopigwa na mvua, ulipasuka kwenye pembe ya dirisha. Ufa ukashuka, ukagawanyika, ukazaa nyufa nyingine, hadi sehemu moja ngumi yangu ilikuwa inaingia. Maji yakawa yanapita humo yakiwa na rangi ya chai. Mama alihamisha kitanda, halafu akakihamisha tena. Mvua ikianza alikuwa anasokota matambara na kuyasukumia ndani ya ufa, na asubuhi anayatoa kuyaanika kwenye ua kama mtu mwenye mtoto mchanga.

Nilitafuta mafundi. Walikubali kwa simu, na walipofika langoni wakajua ni boma la nani, walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingine. Kina mama wa kanisani kwake, wanaoimba kila ibada kwamba wamefunguliwa minyororo, walimletea sukari, sabuni na maombi marefu. Udongo hawakuugusa. Walisema wana watoto. Niliwakasirikia hao kuliko wazee, maana wazee angalau hawaimbi.

Utauliza kwa nini mama hakukandika mwenyewe. Kukandika anakujua tangu akiwa msichana Kegonga. Lakini baba mkubwa alishamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kumfukuzia: "Siku utagusa hiyo ukuta, ujue umetoka hii boma." Na sisi tumezaliwa mabinti watupu. Hakuna mtoto wa kiume wa kusimama pale akasema hili ni boma la baba yangu. Kwao Kegonga wazazi hawapo tena na kaka zake wamegawana shamba mpaka mpakani. Akitolewa Rodi, hana pa kuweka kichwa. Basi mama akakaa na matambara yake, na mimi nikawa binti msomi mwenye studio mjini ambaye hawezi kumzibia mama yake tundu.

Kuziba sikuruhusiwa. Kufinyanga hakuna aliyekuwa amenikataza.

Nilianza kwenda Rodi kila nilipopata nafasi. Nilikuwa napulizia jivu la jikoni ndani ya ufa ili udongo wangu usigandie ukutani, kisha najaza udongo laini wa mtoni na kuushindilia kwa kidole gumba. Nikishaona umekaza kidogo nauvuta taratibu. Kinachotoka ni ufa wenyewe uliogeuzwa: pale palipokuwa na shimo sasa kuna mgongo. Vipande vingine vilikatika mikononi mwangu nikavianza upya. Nilivipanga kwenye trei za mayai ili visivunjike njiani, na nyuma ya kila kimoja nilikwaruza kwa msumari alama ya mahali kilipotoka. Suna nilivipachika juu ya fremu za fito, kwa mpangilio ule ule wa ukutani, mpaka ukuta wote wa nyuma wa nyumba ya mama ukasimama ndani ya studio yangu, mbichi bila kuchomwa motoni, mweusi, na nyufa zake zimetokeza nje.

Kando yake nilitundika shuka lake lenye madoa ya yale maji. Na nikaweka sauti. Siku moja ya mvua niliiacha ile simu juu ya dari, nikapata bati likipigwa, miguu ya kitanda ikiburutwa, na mama akiongea peke yake kwa Kiswahili, kama alivyozoea kuongea na baba: "Haya, wewe kitanda, leo tulale wapi?" Hakuwa analalamika. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayemuuliza mwenzake atakula nini. Nilisikiliza hayo maneno studioni nikazima kila kitu, nikatoka nje nikakizunguka kinu.

Sikutafuta sifa kwa kazi ile. Nilitaka watu waone aibu. Nilitaka ukoo wangu usimame mbele ya nyufa zile hadharani, watu wengine wakitazama, na mzee mmoja tu aseme basi, nyumba ya huyu mama itengenezwe. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia na ukuta ulishaanza kulala kwa nje. Nilijua hautauvuka msimu mwingine.

Maonyesho yalikuwa Homa Bay, katika ukumbi mmoja usio mbali na ziwa. Waandaaji, watu wa serikali, walikuwa wameniomba kiboko, bila shaka. Nilipowapelekea picha za ukuta, afisa wao alinipigia simu akasema, "Hii kitu ni deep sana. Lete." Nikafurahi. Nikaomba wazee wa ukoo wetu waalikwe, akasema hilo ni wazo zuri kabisa.

Siku ya ufunguzi baba mkubwa alikuwa amekalishwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, na chupa ya maji mezani kwake. Walikuwa wamewagawia wageni kofia nyeupe zenye maandishi, naye alivaa ya kwake juu ya ile aliyokuja nayo, halafu akabadili mawazo na kuivua ile ya chini. Mama alikaa nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia akae pale, na hakuna aliyemwambia asikae.

Sauti ya mvua ilikuwa inatoka kwenye spika, na watu walianza kupunguza mazungumzo ili waisikie. Nilihisi ukumbi unatulia. Ndipo afisa akamwashiria mtu wa mitambo, na sauti ikakatwa mama akiwa katikati ya neno.

Nilimfuata pale pale. Nikamuuliza kwa nini.

"Inadisturb wageni, madam. Tuko na speeches."

"Ile sauti ndiyo nusu ya kazi."

"Tutairudisha baada ya speeches."

Hawakuirudisha. Nataka hilo lijulikane. Walimwalika mama yangu kwa mlango wa mbele wakaziba mdomo wake, kisha wakasimama kumsifu.

Na walimsifu kweli. Afisa alisema ukuta ule ni urithi. Alisema katika dunia hii inayobadilika kuna familia moja huko Rodi ambayo imelinda mila hadi nyumba nzima imebaki kama ilivyoachwa. Akasema angependa wanafunzi na watalii wapelekwe kuiona. Akaweka mkono kifuani. "Na ombi langu kwa familia ni moja tu. Hiyo nyumba isiguswe. Please." Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta mama kwa macho nikaona ameinamisha kichwa, anakunja leso yake.

Kisha baba mkubwa akapewa kipaza sauti. Nilikuwa nimengoja dakika ile miezi mingi. Alikohoa, akasalimia kwa Kijaluo, halafu akaingia Kiswahili kwa ajili ya wakubwa. "Wageni wetu, mimi ndio nimechunga hiyo nyumba mpaka leo. Watu walitaka kuiharibu na matope, nikasema hapana. Sasa mnaona faida yake." Wakacheka kwa heshima. "Na huyu mtoto wetu, kazi ya mikono yake nimeibariki. Aendelee nayo huko nyumbani vile anataka, na mtu asimsumbue." Makofi tena, marefu kuliko ya kwanza, na mpiga picha akaniomba nisogee karibu naye.

Nilisogea. Hasira ilikuwa imenijaa hadi sikuweza kufumbua mdomo, na kwenye picha naonekana mtu mpole aliyeshukuru. Wageni walijipanga kujipiga picha na nyufa. Bibi mmoja aliyevaa vizuri aliniuliza kama naweza kumtengenezea ukuta kama ule sebuleni kwake, ila mdogo, na usiwe na lile shuka.

Watu walipoelekea kwenye chakula, mama alikuja mbele peke yake. Alipitisha kidole juu ya udongo. "Hii ni ya dirishani," akasema. "Hii ndiyo ilinilowesha Biblia." Aliujua kila ufa, hakuhitaji alama zangu za msumari. Alipomaliza akanigeukia. "Umefanya kazi kubwa, mwanangu. Sasa mvua ikinyesha, hawa watu wote watakuwa wapi?"

Nilienda nikalia chooni, nikanawa, nikarudi.

Jioni ile ile afisa alinipa habari njema. Ukuta wangu umechaguliwa kwenda Nairobi, kwenye maonyesho makubwa zaidi, kwa hiyo niuache ukumbini watakuja kuuchukua. Hiyo ndiyo nafasi ambayo msanii wa Migori huisubiri mpaka mvi zinamtoka. Nisiseme uongo kwamba kuikataa hakukuniuma. Lakini nilimtazama yule mtu aliyemzima mama yangu, nikafikiria ukuta ukizungushwa mji kwa mji, ukisifiwa kila mahali na kuambiwa usiguswe, na mwenye nyumba bado anaburuta kitanda. Nikamwambia hapana. Akadhani sijaelewa akarudia kwa Kiingereza. Nikamwambia hapana tena, nikatafuta pikapu, na kesho yake nikapakia kila kitu. Dereva aliuliza kama tunaelekea Suna. Nikamwambia Rodi.

Njiani nilikuwa nimeshapata hila, na nilijipenda kwa sababu ya hila hiyo. Vipande vyangu vilitoka kwenye nyufa, kwa hiyo vitarudi kwenye nyufa. Nitavipachika kimoja kimoja mahali pake, na ufa utaziba. Nikiulizwa, nitasema hii si matengenezo, ni maonyesho yamehamia nyumbani. Baba mkubwa aliibariki kazi yangu mbele ya serikali na kipaza sauti, akasema nisisumbuliwe. Alijifunga kwa kamba yake mwenyewe. Nilitamani kuuona uso wake.

Nililowesha ufa wa dirishani, nikachukua kipande chake kirefu, kile nilichokirudia mara nyingi kuliko vyote, nikakisukuma ndani. Kikaingia, kikacheza. Kulikuwa na nafasi pande zote, na upande mmoja kilitokeza nje. Nikajaribu kingine, vile vile. Udongo ukikauka hupungua na kupinda. Mfinyanzi yeyote anajua hilo, na mimi nalijua tangu nilipoanza kushika udongo, ila hasira ilikuwa imenisahaulisha kazi yangu mwenyewe. Nilisimama pale na kipande mkononi, nikijiona mjinga.

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni akitazama, mikono ameikunja. Alichukua jembe akaenda kwenye kichuguu kilicho nyuma ya boma, akarudi na udongo kwenye karai. Akaomba kinyesi cha ng'ombe kwa jirani. Akachanganya na jivu na maji, akavua viatu akakanyaga mpaka ukakubali. "Sogea," akaniambia. Akaanza kujaza pembeni mwa vipande vyangu kwa kidole gumba, pole pole, kama mtu anayelisha mgonjwa. Kisha hakuishia pembeni. Alifungua kiganja chote akaanza kupaka ukuta kuanzia juu ya dirisha, mkono ukichora upinde mmoja na kuufuata mwingine.

Watu walianza kusimama kwenye uzio. Kina mama wawili wa kanisani kwake walikuwepo. Na haikuchukua muda kabla baba mkubwa hajaingia langoni, bado amevaa ile kofia nyeupe ya Homa Bay.

"Nini inaendelea hapa?"

Nilikuwa nimejiandaa. "Ni ile sanaa uliyoibariki, baba. Naitundika mahali ilipotoka. Ulisema nisisumbuliwe."

Kwenye uzio mtu alicheka puani. Niliona jinsi alivyotafuta pa kutokea na kukosa, na nikasikia raha ambayo sikuisikia Homa Bay. Alijikuna shingo. Naye si mjinga. Alikuwa ameshaona kwamba kuna njia ya sisi sote kutoka pale bila fedheha. Akamgeukia mama.

"Na wewe? Wewe pia unafanya hiyo sanaa?"

Neno moja tu lilihitajika. Nilimkazia mama macho: sema ndiyo, mama, sema ndiyo, umalize ukuta wako kwa amani. Mama alisimama na udongo umefika kwenye viwiko. Alimjibu kwa Kijaluo, taratibu, kila neno mahali pake, ili na wale wa kwenye uzio walisikie.

"Hapana, shemeji. Ninakandika nyumba yangu."

Nilikuwa nimemfungulia mlango naye ameufunga. Nilimkasirikia mama yangu pale, na hasira ile ilikuwa kali kuliko zote nilizozieleza hapa.

"Unakumbuka vile nilikuambia?" baba mkubwa akauliza.

"Nakumbuka. Kama ni kunitoa, mtanitoa kwenye nyumba isiyovuja."

Mzee alingoja mama aongeze kitu, labda aombe msamaha. Mama akamgeuzia mgongo akachota udongo mwingine. Mzee alisimama, akatazama uzio, akaona watu wanamtazama yeye na si mama, kisha akaondoka bila kuaga. Wazee watakaa kikao, nilijua, na mpaka leo ninapoandika haya hawajamaliza kukaa.

Mama alikuwa ameufikia ule ufa wa dirishani. Kipande changu kirefu bado kilitokeza nje, kile nilichotaka kionekane zaidi ya vyote. Alikitazama kidogo, akakiwekea kiganja, akakisukuma kwa uzito wa mwili wake wote mpaka kikazama, akapaka udongo juu yake mara mbili. Hakikuonekana tena. Akaniambia nilete maji, karai linakauka.